Laptopu Juu ya Marufaa

Paswedi ya waifai ya nyumba ya Badria Simai ilijulikana mtaa mzima wa Malindi, hapa Unguja, kuanzia kwa wachukuzi wa bandarini mpaka kwa kinyozi wa uchochoroni, na aliyeitangaza si mwengine ila mama yake mzazi, Bi. Muzdalifa.

Msimlaumu haraka. Bi. Muzdalifa aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo yuko kitandani, ghorofa ya pili, akili timamu na ulimi mkali kuliko ule wa zamani. Na Unguja mgonjwa haachwi pweke. Watu wanapiga hodi asubuhi, wanapiga hodi adhuhuri, wanapanda ngazi zile za kukatisha pumzi ili wamjulie hali tu. Zamani mgeni wake hakutoka bila ya kahawa na kipande cha halua. Sasa hawezi hata kusimama, atampa nini mtu? Basi akagundua kitu anachoweza kukitoa akiwa amelala vile vile.

"Umepanda ngazi zote hizo mwanangu, halafu utoke hivi hivi?" atasema. "Haiwi. Toa simu yako. Andika simai, herufi ndogo, halafu saba tatu."

Simai ni jina la marehemu mumewe, kwa hivyo kulisahau hawezi.

Badria alikuwa na miaka arubaini na sita. Kumi na minane katika hiyo alisomesha Kiswahili skuli ya sekondari huko shamba, mbali na mji, akitoka alfajiri na kurudi maghribi. Mama alipoanguka akaacha kazi, akatafuta ya kufanyia nyumbani, na Mungu akampa: skuli moja ya mtandaoni, inayofundisha wageni Kiswahili. Anakaa chumba cha juu, juu kabisa ya chumba cha mama, anafungua laptopu yake mpya, anawafundisha watu wa nchi za mbali. Somo likimalizika anateremka, anamgeuza mama ubavu, anampa uji. Raha gani tena ataitaka?

Ila raha hiyo ilikuwa inamponyoka. Kila alasiri, saa ile anayofundisha, ndiyo saa ambayo Malindi nzima ina simu mkononi. Sauti inakatika, picha inaganda, na Badria anabaki kwenye vioo vya wanafunzi wake mdomo wazi, jicho moja limefumba. Masomo mawili yalikatika kabisa. Skuli ikamwandikia barua ya adabu lakini haina mzaha: somo la Alkhamisi saa kumi za alasiri litahudhuriwa na mkaguzi, na likikatika zaidi ya dakika tano, mkataba umekwisha.

Na mkataba ukimalizika, atarudi shamba kusomesha. Na akirudi shamba, nani atakaa na mama? Kaka yake, Wakil, alishapata jawabu. Yeye anaishi Tunguu, amejenga, ana chumba cha chini kisicho na ngazi, na mkewe yupo nyumbani. Alikwisha sema: Ijumaa baada ya sala anakuja na gari ya mizigo kuchukua kitanda na mama. Alkhamisi ikienda salama, haji. Ndivyo walivyokubaliana.

Wakil si mbaya, wala chumba chake si kibaya. Kina upepo, kina dirisha kubwa. Lakini Tunguu Bi. Muzdalifa hamjui mtu. Kule nani atamwita jina lake kutoka uchochoroni? Nani atapanda kumsimulia aliyeachwa na aliyeolewa? Mwenyewe alipoulizwa alicheka tu.

"Mie mzigo," alisema. "Mtakaponiweka ndipo ntakapokaa."

Badria hakucheka. Alimjua mama yake, na alijua kuwa kule atakauka mwezi wa pili tu.

Sasa nyinyi mtasema: si abadilishe hiyo paswedi? Alibadilisha! Mara tatu. Na kila alipobadilisha, mama aliuliza mpya ni ipi, kwa vile na yeye anasikiliza mawaidha kwenye simu yake, na kabla ya laasiri mtaa wote unayo.

"Mama, waifai ile ya kazi!"

"Na mie nimekataza kazi? Rukaiya jirani yetu mwanawe yuko Maskati, mwaka wa pili hajamuona. Leo akija nimwambie nini? Waifai imekwisha kama sukari?"

Badria akatoka akakaa kwenye ngazi, amekasirika mpaka masikio yanamuwaka moto. Angeweza kumficha mama namba mpya, hilo halina ufundi. Lakini alipokaa pale, hasira zikipungua kidogo kidogo, aliona upumbavu wake mwenyewe. Yeye anapigania nini? Anapigania mama abaki kati ya watu hawa hawa. Halafu awafungie mlango watu hawa hawa? Mtu gani atafanya hesabu kama hiyo? Akainuka akapangusa nguo, akampigia simu Mudrik.

Mudrik alikuwa mwanafunzi wake zamani, mtoto wa nyuma ya darasa aliyekuwa hapendi insha hata kidogo. Sasa ni fundi wa mitandao pale chuo kikuu Tunguu, ana ndevu na watoto watatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mudrik. Nna shida, na usiniambie haiwezekani, maana neno hilo silipendi."

Akamweleza yote. Mudrik akauliza: "Ile laptopu yako kuukuu, uliyokuwa ukitusahihishia mitihani, ipo?"

"Ipo. Inaunguruma, lakini ipo."

"Basi Jumatano asubuhi kaa nayo, na mimi ntakaa kwenye simu. Ruta, kile kisanduku cha kampuni kinachorusha waifai, imefungwa, hatuwezi kuiamrisha. Tutaipita pembeni."

Jumatano, mara baada ya kumpa mama chai, Badria akaketi chumbani kwa mama, kwani waya wa intaneti unaingilia dirisha la pale. Simu kaifunga kwa mtandio sikioni, mikono miwili kwenye laptopu kuukuu. Mama kajiinua kwa mto anaangalia kama anaangalia tamthilia.

"Ndani ya laptopu hiyo," alisema Mudrik, "sasa utatengeneza kompyuta nyengine."

"Nyengine wapi? Ndani yake mna nafasi gani?"

"Haina bati wala waya, mwalimu. Ni programu tu, lakini yenyewe inajiona kompyuta kamili. Ndani ya hiyo ndiyo tunaweka fayawoli. Waya utoke kwenye ruta uingie kwenye laptopu, kila kitu kipite mbele ya fayawoli kwanza, halafu laptopu yenyewe ndiyo irushe waifai. Ile waifai ya ruta tunaizima."

"Yaani fayawoli inakaa mlangoni, inaangalia nani anaingia na anachukua kiasi gani."

"Hivyo hivyo."

"Huyo ni bawabu, Mudrik. Kiswahili chake ni bawabu. Nilikufundisha nini mimi?"

Mudrik akacheka, na tangu hapo wote wawili wakaita bawabu.

Usidhani ilikuwa kazi ya kula tende. Badria alifuta akaanza upya, akafuta tena. Saa tano za asubuhi akachomeka waya, akazima kitufe cha waifai nyuma ya ruta, akawasha waifai ya laptopu, na mtaa mzima ukazimika. Chini uchochoroni zikasikika sauti: "Ala! Imekwenda wapi?"

"Badria!" mama akaita, na wote wawili wamo chumba kimoja.

"Naam, mama."

"Rukaiya anauliza mbona imekatika."

"Mwambie nnaitengeneza!" Jasho linamtoka. "Mudrik, bawabu hapitishi hata nzi!"

"Ndivyo alivyoumbwa, mwalimu. Hampitishi mtu mpaka umwambie."

Basi akamwambia. Na hapa ndipo Badria alipofanya jambo la akili, tena la kwake mwenyewe, halikutoka kwa Mudrik. Waifai hii mpya aliipa jina lile lile la zamani na paswedi ile ile, simai saba tatu. Mtu asiombe upya, mtu asiambiwe lolote. Simu za Malindi zikaitambua zenyewe zikaingia, moja baada ya moja, na bawabu akaanza kuziandika: simu ya Rukaiya, simu ya kinyozi, simu nne za nyumba moja, televisheni ambayo Badria hakuijua ni ya nani mpaka leo. Thalathini na moja!

"Thalathini na moja, mama! Hata mwenye mkahawa yumo!"

"Alikuja kuniangalia," alisema Bi. Muzdalifa, wala hakuona haya. "Alileta machungwa."

Badria hakumfukuza hata mmoja. Alimpa bawabu amri mbili tu. Ya kwanza, laptopu yake ya kusomeshea ichukue haki yake mbele ya watu wote. Ya pili, kilichobaki wagawane thalathini na moja sawa kwa sawa, asiwepo wa kunywa kisima kizima peke yake. Halafu akapanda chumba cha juu, akampigia Mudrik kwa picha, na huku mtaa mzima umo mtandaoni. Uso wa Mudrik ukaja safi, hata kovu la kidevuni likaonekana. Wakazungumza robo saa, haikukatika hata mara moja. Badria alijikuta anachekacheka peke yake.

Ikabaki shida ndogo. Laptopu kuukuu ilikuwa inachemka, na meza inaiziba hewa ya chini. Badria akatazama huku na huku, akaona juu ya kabati marufaa yake ya utotoni, kile kibao cha kukunjana cha kuwekea msahafu, alichokuwa akienda nacho chuoni kusoma Kurani. Mguu mmoja umepasuka na hayatumiki miaka. Akayashusha, akayafungua, akaiweka laptopu juu yake. Hewa ikapita, moto ukapungua.

Mama akaguna. "Marufaa hayo?"

"Hayana msahafu juu yake, mama. Inataka hewa tu."

Alkhamisi ikaingia. Saa kumi kasoro dakika tano Badria alikuwa ameshakaa, shungi limenyooka, kikombe cha maji pembeni. Wanafunzi wake walikuwa wawili: bwana mmoja wa Austria, Lukas, mstaafu wa reli, na Minji, muuguzi kijana wa Korea. Mkaguzi, Bi. Shahida, aliingia, akasalimu, akazima kamera yake. Ukabaki mraba mweusi wenye jina. Badria aliuona mraba ule kama jicho.

Somo lilikwenda kama maji. Lukas alieleza nyumba yake, vyumba vingapi, nani kalala wapi. Minji alikosea akajisahihisha mwenyewe. Dakika ishirini, ishirini na tano, sauti haina hata mkwaruzo. Badria akaanza kupumua hasa, akaegemea kiti.

Ndipo vioo vyote vikaganda kwa pamoja, na maandishi yakaja kumwambia kwamba hana mtandao.

Alitazama saa ya ukutani, akaruka. Ngazi aliziteremka mbili mbili, ngazi zile zile zilizomvunja mama yake nyonga, ndara moja ikabaki juu, shungi likamwangukia mabegani. Kichwani hamna kitu ila dakika tano. Akausukuma mlango wa chumba cha mama.

Mama kitandani. Pembeni yake Bi. Tahiya, jirani wa mlango wa mbele, mtu mzima wa miaka sabini na ushei. Na juu ya marufaa laptopu imefungwa, kifuniko chini kabisa, tena imetandikwa kitambaa cha kufuma juu yake.

"Nani kaifunga?"

"Mimi, mwanangu," alisema Bi. Tahiya kwa upole. "Umeiacha wazi juu ya marufaa na hakuna anayesoma. Nikakufungia, shetani asije akasoma."

Hebu niambieni, mtu atajibu nini hapo? Mtoto gani wa chuoni hakufundishwa hilo? Ukimaliza kusoma funga msahafu, ukimaliza kusali kunja pembe ya mswala, usimwachie Ibilisi nafasi. Mkono wa Bi. Tahiya ulifanya kazi uliyoifanya tangu ana meno ya utoto. Mwenye kosa ni Badria, aliyekiweka kitu wazi juu ya marufaa ndani ya nyumba ya Waislamu akenda zake. Na laptopu ukiifunga inalala, na ikilala na bawabu naye analala, na bawabu akilala hapiti mtu.

Akakivuta kitambaa, akaifungua. Kioo cheusi. Kikawaka, kikataka namba. Akaandika, akakosea. Akaandika tena, akakosea tena.

"Taratibu, mwanangu," mama akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

Mara ya tatu ikakubali. Feni ikaunguruma. Bawabu akaamka kivivu kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake, mstari mmoja, mstari wa pili, na Bi. Tahiya, ambaye hakujua kumetokea nini ila amejua kuna balaa, akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini. Kutoka uchochoroni mtu akapaza sauti: "Imerudi!" Badria hakungoja mengine.

Alipofika juu alikuwa hana pumzi wala shungi la maana. Lukas yupo. Minji yupo. Mraba mweusi upo.

"Nisameheni," akasema, anahema. "Jirani yangu amefunga kompyuta." Na kwa kuwa hakuwa na uwongo wowote tayari, akawaambia kweli tupu: marufaa, msahafu, pembe ya mswala, shetani. Aliisema taratibu, kwa Kiswahili chepesi, na wao wakafuata neno kwa neno. Lukas akakunja uso, akatafuta maneno.

"Mwalimu, kwa hivyo... shetani anajua kusoma?"

"Anajua, Lukas. Tena Kiarabu."

Minji akacheka mpaka akaziba uso kwa mikono. Badria naye akacheka, na alipocheka machozi yakamlengalenga, maana mraba mweusi haukusema kitu. Akamaliza somo lake mpaka mwisho. Wanafunzi wakaaga, wakaondoka. Mraba ukabaki.

"Mwalimu Badria," ikasema sauti ya Bi. Shahida.

"Naam."

"Dakika nne na sekunde ishirini. Nimezihesabu." Kamera ikawaka, akaonekana mama mmoja mnene, miwani puani, mtandio wa kijani. "Kanuni ni tano. Umepita. Nitaandika kuwa mwalimu anaendelea. Nyumba yangu iko Pangani, mwalimu, na ningeikuta laptopu wazi juu ya marufaa, wallahi ningeifunga na mimi. Itafutie tofali."

Badria akaizima laptopu. Kisha mabega yakamshuka, akahisi njaa, akakumbuka kuwa tangu asubuhi hajala. Alhamdulillahi, akasema, mara tatu, kwa sauti, peke yake chumbani. Halafu akampigia kaka yake.

"Wakil, gari usije nayo kesho."

"Imekwenda vizuri?"

"Imekwenda. Njoo wewe na wanao, mje mle chakula. Gari iache."

Wakil akatoa pumzi ndefu upande wa pili. "Afadhali," akasema, na Badria akajua kuwa na yeye alikuwa na jiwe lake kifuani.

Akateremka, safari hii ngazi moja moja, akiokota ndara yake njiani. Bi. Tahiya alikuwa bado pale, amekaa kiupande kama mtoto anayengoja kuchapwa. Badria akambusu kichwa. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, huhami."

"Nani kasema?"

"Mkaguzi kasema. Na Wakil nshamwambia. Gari haiji."

 Bi. Muzdalifa alimtazama Badria, akatazama dirisha, midomo ikamcheza. Wiki nzima mama huyu alikuwa anacheka, anafanya maskhara na kila mgeni, anajiita mzigo. Sasa akageuza kichwa.

"Tahiya," akasema. "Litoe."

Bi. Tahiya akapiga magoti kwa tabu, akaingiza mkono uvunguni, akavuta furushi. Shuka jeupe limefungwa, na ndani yake, kwa jinsi lilivyotuna, kanga zote za mama, na buibui lake, na pembe ya fremu ya picha ya Bwana Simai imechomoza. Ndiyo kazi aliyoijia Bi. Tahiya alasiri ile. Alikuja kumfungia shoga yake mizigo, kwa kuwa mwenyewe hawezi kuinama.

"Ulikuwa tayari umefunga?" Badria akauliza.

"Nilimwambia alikaze fundo, nisije nikalifungua mwenyewe nikasema sihami, nikakutia aibu mbele ya kakako."

Badria alilia basi, hakujificha, na mama akampigapiga mgongo kwa mkono ule mwepesi. Bi. Tahiya alihangaika na lile fundo kwa vidole mpaka akachoka. Mwisho akalifungua kwa meno.